Régina na Wifi Yake Sidonie

Katika mtaa wao pale Kasongo, mtu akiugua, Mama Régina alifika kabla ya padri. Alikuwa mjane mnene, mwenye hatua za haraka. Asubuhi alikaanga mikate sokoni. Mchana aliondoa karai lake motoni, akabadili kitenge, akaenda kuogesha wagonjwa wa watu na kuwapikia uji. Aliipenda kazi hiyo. Tena, tukisema ukweli wote, alipenda pia namna watu walivyoisifu.

Jumapili moja, baada ya misa, Mathilde aliyewaongoza akina mama wa shirika la parokia alileta habari. Kuna mwanamke wa kijiji cha Wamaza ameletwa kwa moto, pikipiki ya kubeba abiria, mguu umevunjika. Aliteleza akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Hospitali wamemfunga plasta na sasa wanahitaji kitanda chao, naye hana pa kwenda.

"Anaitwa nani?" Régina akauliza.

"Sidonie."

Régina alilijua jina hilo. Sidonie alikuwa dada wa marehemu mume wake, Emile. Siku ya matanga, mbele ya watu wote, Sidonie alimnyooshea kidole akasema: "Muangalie huyu. Analia kama mutu anayeimba. Machozi ya uongo." Neno lile lilizunguka Wamaza yote. Kila alipokwenda kisimani Régina aliona watu wananyamaza, mpaka akafunga vitu vyake akahamia Kasongo. Tangu hapo hawakusalimiana.

Akina mama walikuwa wanamtazama.

"Ni wifi yangu," akasema. "Nitamuchukua mimi."

Wakampigia vigelegele. Régina akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevalishwa taji.

Alimpa Sidonie kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka. Alimwogesha, alimgeuza, alimsaidia kwenda chooni, alimpikia sombe, mboga ya majani ya mihogo, na wali. Hakuna kazi aliyoiacha. Lakini sahani aliiweka chini bila neno, na hapo hapo akatoka. Samaki akipatikana, mkono wake wenyewe ulimchagulia mgonjwa kipande chenye miba mingi. Akiona hivyo alikasirika na nafsi yake, lakini hakukibadilisha. Aliomba kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika hadi chumbani: "Bwana, unipe roho ya kupenda adui yangu."

Adui alikuwa anasikia. Naye hakuwa mgonjwa wa shukrani. "Wifi, sombe yako iko na muchanga," alisema. Au: "Maji haya umeyachemusha kweli?" Régina aliuma meno. Moyoni alijiambia kwamba hivi ndivyo watakatifu walivyoteswa.

Alasiri moja ya mvua, akina mama wa shirika walikuja kumwona mgonjwa, wakileta sabuni na mchele. Régina alikuwa ameinjika chungu cha sombe jikoni, kibanda cha nyuma ya nyumba. Mathilde akaanza kumsifu: upendo kama huu hajauona popote, Mama Régina ni mfano kwa parokia nzima. Kisha akamgeukia mgonjwa. "Si kweli, Mama Sidonie?"

Sidonie akafikiri kidogo. "Ni kweli, ananipikia na ananiogesha. Lakini hakae na mimi. Hata mbuzi, watu wanamusemesha wakimupa majani."

Hapo Régina akalipuka.

"Nikae na weye? Weye uliyenivua nguo mbele ya watu siku ya kuzika bwana yangu? Weye uliyenifukuza ku nyumba yangu kwa mudomo tu? Kama haikukuwa sababu ya Yesu, ningekuacha uoze pale pale ku lopitali!"

Alisema na mengine, mabaya zaidi, na sauti yake ilifika kwa majirani. Alipomaliza, akina mama walikuwa wanatazama miguu yao. Wakaaga mmoja mmoja, wakatoka nje kwenye mvua. Régina akachukua jembe lake akatoka pia, ingawa hakuna mtu anayelima katika mvua namna ile. Alisimama katika shamba lake la mihogo, maji yakimtiririka mgongoni, akalia kwa aibu. Kazi yote ile, na ndani yake hakukuwa na tone la upendo. Sasa mtaa mzima unajua.

Alipokumbuka chungu alirudi mbio. Alimkuta Sidonie ameketi chini jikoni, plasta yake imejaa tope kama tofali. Alikuwa amejikokota kwa matako kutoka chumbani hadi kibandani, akaiepua sombe.

"Ilianza kuungua," akasema Sidonie, akihema. "Haikuungua sana."

Régina alimwangalia yule mwanamke mwenye tope hadi kwenye nywele, na kicheko kikamtoka bila kukiita. Sidonie naye akacheka, huku akishika mguu kwa maumivu. Kisha akafuta tope usoni, akasema:

"Wifi, yale maneno ya matanga. Ni mimi ndiye machozi yalikataa. Emile alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja, na siku ile niliona macho yangu makavu kabisa. Nikakuona weye unamulilia vile. Nikashikwa na wivu."

Régina alitafuta neno kubwa la msamaha, lile aliloliomba kila asubuhi kwa sauti. Halikuja.

"Nimesikia," akasema. Akaketi chini karibu naye, akapakua sombe katika sahani moja, na wakala.

Hawakugeuka malaika. Mpaka plasta ilipokatwa waligombana juu ya chumvi, juu ya dirisha, juu ya jinsi ya kukunja kitenge. Lakini Régina alikaa. Walizungumza juu ya Emile, alivyokoroma, alivyoogopa ng'ombe. Siku moto ilipokuja kumchukua wifi yake, Régina alifurahi sana kurudi kwenye kitanda chake, na hakuificha furaha hiyo hata kwa padri.

Mathilde alipomwomba asimame kanisani aseme juu ya upendo, alikataa. "Mutafute mwingine. Mimi ningali darasa la kwanza."

Wakati wa kuvuna mpunga alipanda moto mwenyewe hadi Wamaza, kwa sababu Sidonie alikuwa bado hawezi kuinama shambani kwake. Siku ya kwanza walinuniana, kila mmoja akidai mwenzake hajui kupepeta. Siku ya pili Sidonie aliketi kivulini akimwita kwa majina ya utani, na Régina, kisu mkononi, mashuke yakimkuna mikono, alimjibu kutoka katikati ya shamba, wakicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.