Vyakula Nilivyoviruka Nikisoma

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alikula kwa Wachina siku ileile sisi tuliyokula sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi. Najua ni siku ileile kwa sababu aliandika tarehe juu ya barua yake, nami tarehe zangu ziko katika daftari hii. Yeye alikuwa mezani Dar es Salaam. Mimi nilikuwa kwetu Baraka, upande wa Kongo, napuliza kuni mbichi mpaka macho yanatoka maji.

Alipataje kufika huko? Mama mudogo, ndugu ya mama yetu, alivuka ziwa kuja kutuona wakati vita ilipotulia kidogo. Mume wake husaidia wafanyabiashara wa Kongo kutoa kontena zao bandarini Dar. Alituambia anaweza kuchukua mutoto mumoja. Akauliza, "Nani anataka?" Mimi nilitaka sana, lakini mbele ya watu mdomo wangu haufunguki. Nikaangalia miguu yangu. Yaya akasema, "Mi!" kama tuko darasani. Basi, ikaisha hivyo. Wanajeshi waliokuwa wanapita walikuwa wameanza kumuuliza Koko, bibi yetu anayetulea, nyumba yake ina wasichana wangapi. Kwa hiyo watu wote walifurahi kwamba angalau mumoja anavuka. Mimi nilifurahi kwa meno tu.

Koko hajui kusoma. Barua inapanda treni mpaka Kigoma, inavuka na boti, na mwenye boti anaileta mwenyewe mpaka mlangoni. Koko ananawa mikono, anafunga kitambaa kichwani kama anakwenda kusali, anakaa, ndipo ananiambia, "Haya, umufungulie aingie." Anasema hivyo kana kwamba yaya yuko ndani ya bahasha.

Barua ya kwanza ilieleza kwamba wafanyabiashara wakifaulu kutoa mizigo hufurahi sana, na humualika mume wa mama mudogo na nyumba yake yote kula hotelini. Wachina wana meza yenye meza nyingine juu yake, inayozunguka. Yaya alikuwa anakilenga chakula, kabla hajakifikia kimeshakwenda kwa mwingine. Walimpa vijiti viwili, akafikiri ni vya kuchokolea meno, akavunja kimoja. Halafu wakaleta bata mwenye sukari.

Bata mwenye sukari! Nilikuwa nasoma kimoyomoyo kwanza, kama ninavyofanya siku zote, na hapo nikakwama.

"Iko anakula nini kule?" Koko akauliza.

"Bugali, Koko."

"Na nini?"

"Bugali mukavu."

Sikuwa nimepanga. Ilitoka tu, mimi ambaye maneno hayanitoki. Mama jirani alikuwa amekaa nasi, anachambua mboga, akacheka. "Si ye alijibu mbio mbio, 'Mi! Mi!' Aone sasa Dar yake!"

"We mama, funga kinywa," Koko akamwambia. "Ile ni mutoto."

Nasema ukweli: nilisikia utamu. Kwa mara ya kwanza yaya alikuwa na kitu kidogo kuliko changu.

Barua ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kwa Wahindi alikula mikate iliyovimba kama mito ya kulalia, na mchuzi wa pilipili uliomtoa kamasi mbele ya wageni. Mwisho wakaleta mbegu zilizopakwa sukari za rangi, za kunukisha kinywa. Kwa Waitaliano alikula mkate bapa wenye fromaji, yaani jibini, juu yake. Fromaji, ile iliyokuwa inateremka kutoka milima ya Minembwe kabla njia hazijafungwa! Mimi niliipenda, yeye aliikataa, alisema inanuka viatu. Sasa kule anaivuta kwa meno mpaka inakuwa uzi, na watu wanampigia makofi. Nikaruka yote. Nikasoma salamu, nikaongeza kwamba amekonda.

Wiki zile Koko alikuwa anakula bugali na maji ya mchuzi tu. Nilidhani tumbo linamsumbua. Mwenye boti alipokuwa anarudi Kigoma, Koko akatoa kikapu nyuma ya mlango: ndagala kavu, vile visamaki vya ziwani, zimejaa mpaka juu. Zilikuwa sehemu yake ya kila siku. "Umupelekee mutoto yangu," akasema, "kule anashinda na bugali mukavu." Nilikasirika. Hata uongo wangu ulimfaa yeye! Anakula bata, halafu anapelekewa na ndagala zetu.

Barua ya tatu ilikuwa ya Wahabeshi. Yaya alisema kwao kuna sinia moja kubwa, wote wanakula kwa mikono, mkate wao ni laini na mchachu kama muhogo uliolowekwa. Mama mwenye hoteli alikunja tonge, akamtia yaya kinywani kwa mkono wake mwenyewe, maana ndivyo wanavyomheshimu mgeni. "Hapo nikakumbuka sahani yetu," aliandika, "na vidole vyako vinavyokimbilia kipande kikubwa."

Kumbe hata sahani yetu ameikuta kule. Nilimwambia Koko kwamba yaya anaumwa tumbo kwa njaa.

Koko akaniambia nilete kalamu.

"Andika. Arudi."

"Arudi wapi, Koko?"

"Hapa, nyumbani. Mutoto hawezi kufa njaa kwa batu wakati mi niko mzima. Apande boti hii hii ikigeuka."

Niliandika. Sitaficha hapa: niliandika kwa mwandiko mzuri. Niliwaza atakavyoshuka ufukoni, tutakavyokuwa sawa tena, na kwamba hakuna Mchina atakayemzungushia meza. Juma lile wanajeshi walikuwa wamerudi barabarani, na mimi nilijua.

"Umeandika?"

"Ndiyo."

"Ongeza. Muambie asiogope. Batu ya bunduki bakikuja, nitamuficha pale nilikuficha we."

Pale aliponificha ni katika shimo la muhogo karibu na Lubondja, tulipokimbilia mwaka ule wa vita. Nilikaa humo siku mbili, Koko amenifunika na majani, kanga yake iko kinywani mwangu nisikohoe. Nilisikia viatu vyao juu yangu. Shimo lilikuwa la mtu mmoja.

Kalamu ikasimama.

"Koko, ye iko anakula."

"Bugali mukavu, ulinisomea."

"Hapana. Anakula bizuri. Mi ndiye nilikuwa naruka."

Aliniangalia. Nilingoja kofi, ningelipenda lije haraka. Akasema tu, "Soma. Toka mwanzo."

Nikasoma barua zote tatu, bila kuruka neno. Kwenye vijiti vya kuchokolea meno Koko alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Kwenye bata mwenye sukari akasema Wachina wameharibu nyama. Kwenye tonge la mama wa Kihabeshi akaniambia nirudie, nikarudia, akaniambia nirudie tena. Akapangusa macho.

"Kumbe we ulikuwa unakula hii yote peke yako," akasema. "Na mi nakaa hapa na njaa."

Afadhali angenipiga.

Barua ya kurudi aliichukua mwenyewe, akaisukuma chini ya sufuria, ikaungua. Mpya ilikuwa fupi: akae kule, ale, wakimtilia tena tonge kinywani asione haya. "Na we weka neno yako," Koko akaniambia. Nilikaa na ile karatasi mpaka mwenye boti akaanza kupiga kelele ufukoni kwamba anaondoka. Niliandika kwamba ni mimi niliyesema anakula bugali mukavu, kwamba ndagala zile zilikuwa za Koko, na kwamba nina wivu naye.

Nikakimbia kuipeleka. Mwenye boti akaitia mfukoni bila kuiangalia, wakasukuma boti majini. Nilisimama pale mpaka nikawa siisikii mota tena, na bado nilitamani ningekuwa mimi niliyesema, "Mi!"