Hereni za Marehemu Mama Zilivyonifanya Nimuumize Binti Yangu

Admin, jina langu baki nalo wewe, maana humu kuna ndugu zangu na wateja wangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nina mume na watoto watatu, ni fundi cherehani hapa Kasulu mjini. Wanaonifahamu wanajua jambo moja: siwezi kumwona mtu amevaa mapambo nikabaki na amani. Hereni, cheni, bangili, pete, vyote. Sisemi ni dhambi, na wala mimi si mlokole. Nachukia tu. Mteja akiinama nimpime kifua, cheni yake ikanigusa mkono, nikimaliza nakwenda kunawa. Pete yangu ya ndoa niliivaa mbele ya padri, jioni nikaivua, mume wangu akanuna mwezi mzima. Wengine wananiita mshamba, wengine wanasema nina wivu kwa sababu sina. Waacheni waseme.

Nilikuwa na miaka tisa mama yangu alipofariki kwa uzazi, kijijini kwetu upande wa Mabamba. Alikuwa na hereni ndogo za dhahabu zenye kijiwe chekundu, alizopewa na baba walipooana. Hakuwahi kuzivua, hata maharage alikuwa anapalilia nazo. Siku ya msiba wanawake walikuwa wanamwosha chumbani, mimi nikachungulia penye pazia. Wengine walipotoka kufuata maji, nilimwona shangazi yangu, dada yake baba, akimgeuza mama kichwa upande huu, kisha upande ule. Akazivua. Akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Tuliporudi makaburini baba akamuuliza, naye akajibu bila kupepesa macho, "Amekwenda nazo, kaka. Marehemu ningemvuaje?"

Baba alimwamini. Baadaye akaenda Tabora kulima tumbaku, hakurudi tena, na mimi nikaachwa kwa shangazi huyo huyo, tukahamia Kibondo. Hakuzivaa hereni zile mpaka baba alipoondoka. Jumapili ya kwanza tu alijitazama kwenye kioo, akazivaa, akaniambia nimbebee kitabu cha nyimbo. Nilitembea nyuma yake njia nzima nikitazama masikio yake.

Siwezi kusema alininyima chakula. Cherehani alinifundisha yeye. Lakini fimbo zake nazijua, na kila aliponiinamia kunichapa nilikuwa naona kile kijiwe chekundu kinacheza karibu na uso wangu. Siku moja nikajikaza nikasema, "Shangazi, hizo ni za mama." Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Mama yako kaniachia mzigo wa kulea. Ulitaka nisipate hata hiki?" Tangu siku hiyo sikuwahi kulitaja tena, kwa yeyote. Hata mume wangu ataanza kuyajua haya kama atasoma hapa. Yeye anamwona shangazi ni mtu aliyelea yatima, ndiyo maana mtoto wetu wa kwanza alimpa jina lake. Ningekataa kwa sababu gani?

Binti huyo sasa ana miaka kumi na minne. Likizo iliyopita alikwenda Kibondo kwa bibi yake, maana shangazi ndiye bibi anayemjua. Siku aliyorudi nilikuwa kwenye mashine nashona sare za shule. Akaingia anacheka, akageuza shingo.

"Mama, umeona? Bibi kanitoboa masikio. Kanipa hizi, kasema ni za bibi mzaa mama, alikuwa ananitunzia."

Ananitunzia! Miaka yote ile amezivaa kanisani na harusini, leo alikuwa anatunza.

Nikamwambia, "Vua."

"Mama, bado panauma, hapajapona..."

"Nimesema vua!"

Alijifunika masikio kwa mikono. Nikamtoa mikono, nikavuta. Ya kushoto ilitoka. Ya kulia ilitoka na sikio. Ndugu zangu, nyama ya sikio ilichanika mpaka chini, damu ikamwagikia sare za watoto wa watu. Alishonwa nyuzi nne kituo cha afya. Hakulia. Tulipokuwa tunarudi aliniambia neno moja tu: "Bibi alisema una roho mbaya. Mimi nilikuwa nakutetea."

Wiki ile ile akaomba kwenda kuishi Kibondo, baba yake akamruhusu. Simu zangu hapokei. Mume wangu anasema niende nikapige magoti kwa mtoto na kwa shangazi, mbele ya wazee, maana nimedharau zawadi ya mama mlezi. Hereni ninazo mimi, kuzitupa nimeshindwa na kuzitazama nimeshindwa.

Sasa shangazi anaumwa, miguu imevimba, na binti yangu ndiye anayemwogesha. Juzi shangazi alinipigia mwenyewe. Sauti imekwisha. "Mwana wanje, mwanangu, njoo tuyamalize kabla sijaenda. Ila yale uliyoyaona penye pazia usimwambie mtoto. Ananipenda." Kumbe siku zote alijua kwamba niliona. Hakusema nimsamehe. Alisema nisimwambie mtoto.

Jumamosi ndiyo siku ya kikao hicho cha wazee. Nikisema ukweli, nitaonekana namsingizia mgonjwa ili nifute kosa langu, na nitamvunja moyo mtoto ambaye nimeshamvunja mara moja. Nikinyamaza, nitampigia magoti mwanamke aliyemvua mama yangu hereni akiwa maiti, na mwanangu ataendelea kuamini kwamba mimi nilizaliwa na roho mbaya.

Msinitukane kwa ajili ya lile sikio, hilo najitukana mwenyewe kila nikikaa kwenye mashine. Nataka ushauri wa mtu aliyelelewa na mkono uliomuumiza. Nikaseme, au nikapige magoti ninyamaze? Nijibuni kabla ya Jumamosi.