Kufunga Sola au Kusubiri

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa Singida, nikapangiwa shule Tarime nikiwa bado binti, nikaolewa huku huku. Nyumba yetu iko Turwa, pembeni kabisa, mji unapoishia na mashamba ya mahindi yanapoanza. Mume wangu ni dereva mgodini Nyamongo, na nyumbani huja wakati wa mapumziko tu.

Kila akija alikuwa na jipya kuhusu sola. Mara mafundi wa kazini wamemwambia zinakuja paneli zinazovuta jua pande zote mbili. Mara ni betri, kwamba za sasa zitapitwa. "Ukinunua leo, mwakani utajuta," aliniambia. Lakini mimi nilikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga inayotumia umeme, na umeme wetu hukatika bila taarifa.

Nikaamua kuulizia mwenyewe mjini. Duka la kwanza walisema betri za maji ndizo imara, kila fundi anazijua. La pili, hatua chache mbele, walicheka: hizo ni za zamani, mwalimu, chukua za lithiamu. La tatu, dada mmoja mpole aliniuliza mashine yangu inakula wati ngapi. Sikujua. Nilirudi nyumbani nikasome mgongoni mwa mashine, nikakuta maandishi ya Kichina. Nikaendelea hivyo wiki tatu, kuuliza na kurudi mikono mitupu.

Jumamosi moja asubuhi, mayai yakiwa na siku ya kumi na tisa, umeme ukakatika. Nilijipa moyo kwamba utarudi. Hadi saa tano haukuwa umerudi. Ukisogeza sikio ulisikia vifaranga wakilia ndani ya mayai, sauti nyembamba sana.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alinikuta nimekaa sakafuni nimeizungushia mashine blanketi.

"Inaumwa?" aliuliza.

"Joto linashuka, mama."

Alichota mayai kumi na mawili kwenye khanga yake, akaenda kuyaingiza chini ya kuku wake wawili waliokuwa wanaatamia. Yaliyobaki tuliyawekea chupa za maji ya moto pembeni. Yakipoa tunachemsha mengine, hadi umeme uliporudi saa kumi jioni.

Yale ya chini ya kuku yalitotolewa yote. Ya kwenye mashine, nusu yaliharibika. Nilipasua moja nione, nikakuta kifaranga kamili, ana manyoya na kucha. Nilikaa jikoni na lile ganda mkononi, nisijue nimkasirikie nani: waliokata umeme, mume wangu, au mimi.

Nilimpigia simu mume wangu nikamweleza.

"Basi tununue," alisema. "Nikija tunafunga."

Nikajisikia nasema, "Tungesubiri kwanza."

"Tusubiri nini?"

"Si ulisema zinakuja za pande mbili?"

"Mama, si wewe uliyekuwa unataka?"

"Nilitaka."

"Na sasa?"

Mpaka leo sielewi kwa nini nilisema vile. Nadhani nilikuwa nimesikia maelezo mengi mno, kila moja linaonekana la kweli.

Alipokuja, tulinunua hivyo hivyo. Paneli mbili na betri ya lithiamu. Fundi alitoka Kewanja, karibu na mgodi, na pikipiki yake, akashinda juu ya bati hadi alasiri. Aliposhuka nilimpa chai, nikamuuliza kama na yeye kwake amefunga kama hizi.

Alipuliza chai. "Kwangu bado, mwalimu. Mimi nasubiri za mwakani."

Mume wangu alinitazama, mimi nikatazama bati. Mama mkwe, ambaye Kiswahili anakijua kidogo tu, alimuuliza mwanawe kwa Kikurya fundi amesema nini, naye akamjibu kwamba amesema kazi imekwisha.

Sasa umeme ukikatika mashine haizimi. Ila yakija mawingu ya siku mbili tatu mfululizo, betri huchoka mapema, nami huanza kuwaza kama za pande mbili zingefaa zaidi.

Watu wanaona paneli wanakuja kuniuliza. Wiki iliyopita nilimwambia mwalimu wa hesabu afunge tu. Juzi jirani yetu nilimwambia asubiri. Wote wawili walinishukuru, na wote wawili nilikuwa nawaambia ninachokiamini.