Mjane Asiye na Kovu

Yule mwigizaji bado yuko. Siku hizi amezeeka, anaigiza akina mama wakwe wenye gubu, na watu wanampenda. Mimi akitokea tu nainuka na kuzima televisheni. Wanangu wamezoea, husema mama na yule mama wana kesi ya zamani. Hana kosa lolote, najua. Alipewa kazi akaifanya. Lakini nilimkasirikia nikiwa kidato cha tatu na hasira yenyewe haijaniisha, labda kwa sababu sehemu kubwa yake nilistahili kujikasirikia mwenyewe, na hilo nimelikwepa miaka yote hii.

Kwetu ni upande wa Sotik, mahali ambapo chai inaanzia mlangoni na kuishia mtoni. Likizo ya Agosti katika miaka ile ya tisini haikuwa likizo. Ulifika kutoka shule ya bweni leo, kesho asubuhi uko shambani na kikapu mgongoni, umande umekulowesha hadi kiunoni. Mchana tulibeba majani hadi kituoni, banda la mabati lenye meza ndefu za mbao, tukasubiri lori la kiwanda. Na lori lilikuwa na tabia zake. Mvua ikinyesha lilikwama huko lilikokwama, nasi tukakaa saa tatu, hata nne. Majani huwezi kuyaacha yameshindiliwa wakati wote huo, yatapata joto na kuwa meusi. Unayamwaga mezani, unayageuza, unachambua yale makubwa magumu kabla karani hajayaona na kukurudishia mzigo mzima. Mikono inakuwa na kazi ya kutosha, masikio hayana kitu.

Ndiyo sababu nilianza kuwasomea akina mama. Nilikuwa na riwaya ya Kiswahili tuliyokuwa tukiisoma shuleni, hadithi ya mjane anayekataa kufukuzwa na shemeji zake kwenye shamba la marehemu mumewe. Kiswahili chake kilikuwa kizito, na akina mama wa pale walijua cha sokoni tu. Kwa hiyo nilikuwa nasoma aya moja kimoyomoyo, kisha naisimulia kwa Kipsigis, kisha narudi kitabuni. Wao hawakujua kitabu kimeishia wapi na mimi nimeanzia wapi. Mwanzoni hata mimi nilidhani sikuwa na haja ya kujua.

Siku ya pili jirani yetu mmoja, mwanamke ambaye hapendi kupitwa na jambo, akanikatiza.

"Ngoja kwanza. Huyo mjane anafanana vipi?"

Nikatazama kitabuni. Mwandishi alisema ni mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache. Basi.

"Hawakusema," nikajibu.

"Watakosaje kusema? Mimi siwezi kumwonea huruma mtu nisiyemwona."

Wengine wakamuunga mkono. Mama alikuwa upande wa pili wa meza, ameinamia majani yake. Mama yangu ni mfupi, mweusi tii, mwenye mabega mapana. Alipokuwa mtoto kwao Siongiroi alianguka karibu na moto na sufuria ya uji ikammwagikia. Kovu linaanzia chini ya sikio la kushoto hadi kwenye mfupa wa bega, na ngozi ilijikunja hivi kwamba kichwa kinavutika upande kidogo. Sikuwahi kumwona mbele za watu bila kitambaa kilichofungwa chini ya kidevu, hata jua likiwaka. Katika picha yake ya harusi, ile moja tuliyo nayo, amesimama kiupandeupande kama mtu aliyeitwa na mtu mwingine.

"Ni mfupi," nikasema. "Mweusi. Ana mabega ya mtu wa kazi. Na ana kovu la moto shingoni, huku kushoto."

Mikono ya mama ikasimama juu ya majani. Hakuinua kichwa.

"Sasa huyo ni mzuri kweli?" jirani akauliza.

"Kitabu kinasema ni mzuri. Kinasema watu wakimwona wanaliangalia kovu kwanza, halafu wanamwangalia macho, halafu wanalisahau kovu."

Mikono ya mama ikaendelea na kazi. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Sikuwa mtoto wa kusema mambo kama hayo, na mama hakuwa mtu wa kuambiwa. Kwetu mtu hamwambii mamake kwamba ni mzuri. Unamchotea maji.

Kuanzia siku hiyo kovu likaingia katika kila sura. Mjane akikasirika, kovu linamwasha. Shemeji wakija na mapanga, anafungua kitambaa, wanaliona, wanarudi nyuma hatua mbili. Akina mama wakalipenda kovu kuliko mjane mwenyewe. Nikilisahau walinikumbusha. Wakaanza kumwita mama "mjane" kwa utani, na baba aliposikia akalalamika kwamba ameuawa na kitabu cha shule ilhali asubuhi ile tu alikuwa amekamua ng'ombe watatu.

Na mama akabadilika. Kwanza kitambaa kilisogea nyuma kidogo, sikio likaonekana. Baada ya siku chache kilikuwa kimefungwa kisogoni. Wiki ya pili kilikuwa begani kama kitu alichosahau kukiacha nyumbani. Jumapili alikwenda kanisani hivyo hivyo, akaketi safu ya mbele na wale wanawake wa chama cha kanisa wenye sare. Mchana mmoja jikoni, akipuliza moto, aliniuliza, "Aliyeandika hicho kitabu ni mtu wa wapi?"

"Wa mbali. Wa pwani, nadhani."

"Na alijuaje?"

Hakusema alijuaje nini. Nikamjibu kwamba watu wanaoandika vitabu wanaona mambo. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaendelea na moto wake. Hapo ndipo ningesema. Lakini, na hili ndilo jambo ambalo watu hawaniamini nikilieleza, sikuhisi kwamba nadanganya. Nilikuwa nimemsimulia mjane yule mara nyingi hivi kwamba hata nikisoma peke yangu, kimya, nilimwona na kovu lake.

Duka kubwa la senta yetu lilikuwa la mama mmoja aliyehamia na mumewe kutoka upande wa Nyeri zamani. Alikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi iliyotumia betri ya gari, na betri ikiisha ilipelekwa Sotik kutiwa moto. Yeye ndiye aliyetuletea habari kwamba ile hadithi ya mjane imegeuzwa kuwa mchezo na utaonyeshwa Jumapili saa kumi. Kituoni hakukuongelewa jambo jingine wiki nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa na hamu kama wao, na nilitaka sana kuona wamelitengenezaje kovu.

Jumapili hiyo mama alijipaka mafuta shingoni. Nilimwona mbele ya kile kioo kidogo cha baba cha kunyolea, akiyasugua taratibu mpaka kovu likang'aa. Kitambaa hakukibeba kabisa.

Tulikaa dukani juu ya kreti za soda na magunia ya mahindi, wanawake labda kumi, mimi nimeupakata mfuko wangu. Mchezo ukaanza. Nyumba ikaonekana, kuku wakaonekana, halafu akatoka mwanamke mlangoni na jembe.

Alikuwa mrefu. Mweupe, hata kwa televisheni ile unaona ni mweupe. Nywele zimetiwa dawa zikalala. Shingo ilikuwa ndefu, laini, na imevishwa kidani. Jembe alilishika kwa ncha za vidole.

"Si yeye," nikasema kwa sauti, na nilimaanisha. Nilihisi nimeibiwa mchana kweupe na watu nisioweza hata kuwafokea.

"Huyo ni jirani yake," mama akasema kwa utulivu. "Mjane hajatokea."

Akasogea mbele kwenye kreti yake ili amwone vizuri akitokea. Alingoja. Tulikaa hivyo kwa dakika kadhaa, sote tukimngoja mtu mwingine atoke ndani ya ile nyumba, mpaka shemeji wakafika na mmoja akamnyooshea kidole yule mweupe akamwita mjane wa ndugu yetu. Neno mjane hakuna aliyehitaji nimtafsirie.

Wanawake wakachachamaa. Huyo hajawahi kuchuma hata sukuma wiki, mmoja akasema. Jirani yetu aliuliza kovu limepelekwa wapi. Mama wa duka akageuka.

"Kovu gani?"

Mama akamjibu kwa Kiswahili chake, mkono shingoni. "Iko kwa kitabu. Ako na kovu hapa. Hawa watu ya Nairobi wamekosea."

"Haki? Hebu nione hiyo kitabu."

Mama akanitazama. Uso wake haukuwa na wasiwasi wowote, alikuwa tu ananingoja nikitoe. Kitabu kilikuwa ndani ya ule mfuko, nakihisi kwenye mapaja.

"Nimekiacha nyumbani," nikasema.

Mama alikuwa ameniona nikikitia mfukoni tulipotoka. Akautazama mfuko, akanitazama mimi, akaigeukia televisheni. Alikaa akatazama mpaka mwisho, mikono magotini. Shingo yake bado iling'aa mafuta.

Tulipofika nyumbani aliniambia nichukue karatasi. Alitaka tuwaandikie barua watu wa televisheni.

"Sema tumeona," akasema. "Sema wametuonyesha mtu mwingine. Sema mjane ana kovu, na kitabu kinasema hivyo. Na uandike ukurasa, wasije wakasema ni maneno ya wanawake wa chai."

Peni ikasimama. Leo naamini alikuwa ananipa nafasi. Wakati ule niliona tu kwamba nimebanwa, nikaandika ukurasa wa arobaini na saba, na nikamsomea. Akairudia namba ile mara mbili chini chini, kama anavyofanya akitumwa dukani.

Kesho yake alisema ataipeleka barua mwenyewe kwa mama wa duka, aliyekuwa akikusanya barua za posta. Niliporudi kutoka shambani nikakuta mahali pa kitabu ni patupu.

Alirudi saa saba hivi. Kitambaa kilikuwa kimefungwa chini ya kidevu, mafundo mawili. Sijui alikitoa wapi, labda alikinunua pale pale. Akaweka kitabu mezani na barua juu yake.

"Nilimwambia asome arobaini na saba," akasema. "Amesoma. Mjane anateka maji, basi. Nikamwambia asome wa mbele yake na wa nyuma yake. Alisoma mpaka wateja wakajaa mlangoni."

"Mama, mimi nilitaka tu..."

"Nimeingia kanisani Jumapili mbili shingo wazi."

Nilidhani atanikemea, na ningeshukuru. Aliketi, akaondoa tope kwenye kiatu kwa kijiti, kisha akazungumza bila kunitazama.

"Ungeniambia ni wewe umesema mimi ni mzuri, ningefurahi. Wewe ni mtoto wangu, ningekuamini. Lakini uliniambia ni kitabu."

Akainuka kuwasha moto. Akiwa mlangoni akaongeza, "Nimemwomba mama wa duka asimwambie mtu. Wasije wakakucheka."

Zilibaki sura mbili. Siku iliyofuata lori lilichelewa na akina mama wakataka nimalize, kwa sababu hasira yao kwa watu wa televisheni ilikuwa bado mbichi na walitaka kumsikia mjane wao wa kweli. Nikasoma. Nilitafsiri neno kwa neno, sikuongeza hata tone, na hadithi ikawa kavu, hata mimi niliisikia ilivyokauka. Mama alikuwa upande wa pili wa meza kama siku ile, kitambaa kimefika kwenye nyusi.

"Na kovu?" jirani yetu akauliza. "Leo hujalitaja."

Mikono ya mama ikasimama juu ya majani. Safari hii aliinua kichwa. Alinitazama moja kwa moja, na nikajua anachongoja, na kwamba nikikisema atanisamehe hapo hapo, mbele yao wote. Ilikuwa sentensi moja tu. Wanawake wote walikuwa wameacha kuchambua.

"Lilipona," nikasema.

Walifurahi. Jirani akapiga meza, akasema kumbe ndiyo maana, wale wa televisheni walimchukua baada ya kupona, na sisi tulikuwa tunawatukana bure. Wakacheka, wakaniambia niendelee.

Mama akakusanya majani yake kwa mikono miwili, akayarudisha kikapuni, akaenda meza ya mwisho kule karibu na mizani, mahali ambapo sauti ya msomaji haifiki. Akayamwaga upya. Alinipa mgongo, akaanza kuchambua tena majani ambayo alikuwa ameshayachambua.