Nilichana kadi, mrina asali akaitwa mwizi

Admin, nifiche jina, na mtaa wangu usiutaje. Mimi ni mama wa miaka sabini na saba, Tabora mjini nimezaliwa na hapa hapa nimezeekea. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, simwombi mjukuu wangu aniandikie, kwa sababu sitaki ayasome haya. Nimechoka kuyabeba.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani wa masjala katika chama cha ushirika cha warina asali. Kazi yangu ilikuwa kutunza kadi. Kila mrina alikuwa na chapa yake aliyoichonga kwenye mizinga, nasi tuliichora juu ya kadi, jina likakaa chini. Kadi tulizipanga kwa chapa, maana majina ya watu wetu yalikuwa hayatulii: leo Baba fulani, kesho kabatizwa, keshokutwa kasilimu. Tukikuta kadi mbili zenye chapa moja, tulijua ni mtu mmoja, tunachana ya zamani. Ndani ya chama chetu utaratibu huo haukutukosesha hata siku moja.

Wakubwa wakaamua tuungane na chama kingine. Kiwe chama kikubwa, masjala moja, msitu mmoja wa kutundika mizinga. Wenzetu wakaja na makabati yao kwenye lori, nikapewa wiki mbili kuchanganya kadi zote. Katikati ya kazi nikakuta chapa ya mistari miwili na kitone katikati, iko kwetu na iko kwao. Nikasema huyu kajiandikisha kote kote, wengi walikuwa wanafanya hivyo. Nikabakiza ya kwao kwa sababu ilikuwa safi zaidi. Ya kwetu nikaichana.

Msimu wa kurina ulipofika, mrina mmoja wa Ipole, nimwite Lubinza ingawa silo jina lake, akakamatwa akishusha asali kwenye mizinga aliyosema ni yake. Kadi ya chapa ile ilikuwa na jina la mtu mwingine. Akaletwa uani pale chamani, watu wamejaa, mwenyekiti akaniita nije na kadi. Nikasoma jina lililokuwepo.

Lubinza akanigeukia. "Binti, chapa yangu si ulinichorea wewe mwenyewe, pale mezani kwako?"

Nilikumbuka hapo hapo: chapa ile ilikuwa ya watu wawili, na kadi niliyoichana ilikuwa yake. Mwenyekiti akauliza, "Ana kadi au hana?"

Nikasema, "Kadi yake haipo."

Uongo haukuwa, na nyuma ya hilo nimejificha miaka yote hii. Niliogopa kufukuzwa kazi, nikaogopa kuchekwa na watu. Akafukuzwa chamani yeye. Aliitwa mwizi wa asali mpaka watoto wake wakazomewa shuleni. Akahamia upande wa Kipalapala akalima mahindi, mzinga hakutundika tena.

Mwezi uliopita binti yake alikuja kwangu. Kasikia kwamba katika makarani wa masjala ile nimebaki mimi tu, akataka nijue hali ya baba yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akasema baba yake yu hai, hatoki kitandani, na akili inakuja na kwenda. Nikaona hapa ndipo pa kusema. Kwanza nikamuuliza kama mzee bado ana hasira na watu wa chama.

"Hasira zimekwisha, mama. Siku hizi anatuambia huenda kweli aliiba, ila amesahau. Anatuomba sisi wanawe tumsamehe."

Nikampa chai. Akanywa, akaaga, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Watakaonitukana watukane, nina haki yangu ya kutukanwa. Ila niambieni: nikienda leo nikamweleza mzee, ataelewa, au nitakuwa nimejitua mzigo mimi na kumwamshia yeye uchungu? Na nikinyamaza, mzee atazikwa akijua yeye ni mwizi, na mimi nitakwenda mazikoni kutoa pole. Nishaurini, nifanye nini? Msikawie, maana binti amenipigia asubuhi, anasema mzee ameacha kula.