Mtani wa Mama

Tulikuwa mimi, wadogo zangu Zena na Hamisi, bibi yetu, na Bi Tatu, mtani wetu, ambaye kwenye vichekesho vya harusi za Kisarawe alicheza mtumishi mzembe siku zote. Mama alikuwa amezikwa jana yake. Bi Tatu akajifunga kanga ya mama, ingali inanuka moshi, akachechemea kama mama, akaiga na sauti yake:

"Nyie, kuni ziko wapi?"

Wadogo zangu wakacheka. Mimi nikammwagia maji ya vyombo.

"Toka! Unamcheka mama!"

"Waache wacheke, mwanangu," alisema, akaondoka. Hakuchekesha tena kwetu.

Juzi, nikiwa mtu mzima, kwenye msiba mwingine mtani alimwiga marehemu, wafiwa wakacheka huku wakilia. Ndipo nikaelewa: hiyo ndiyo kazi ya mtani. Nasikia Bi Tatu yu hai, kijijini Dutumi. Kila nikienda kumwomba radhi, naishia njiani, Maili Moja, nageuka kurudi.