Mabenchi ya Pardee

"Sijawahi kuihukumu timu ambayo sijaiona kwa macho yangu haya mawili!"

Lamar Tidwell alitamba hivyo redioni, Alabama nzima ikimsikiliza, siku alipoteuliwa kuingia kwenye kamati ya watu kumi na watatu wanaochagua timu za vyuo za kucheza mchujo wa ubingwa. Msikilizaji mmoja akapiga simu: "Macho yenyewe yana miwani nene kama kitako cha chupa, mzee!" Lamar akacheka. Alikuwa ameandika habari za mpira kwa miaka thelathini na nane, huu wa kwao Marekani wa kofia ngumu na mabega ya kuazima.

Kamati ilikuwa na sheria moja aliyoipenda mno: chuo ulichosoma kikitajwa, unatoka nje. Chake kilipotajwa, Lamar alitoka. Alisimama kwenye korido ya hoteli na soda yake, akijiona msafi kama shuka la hospitali. Aliporudi mezani aliamini upendeleo wote ameuacha koridoni pamoja na kopo.

Ndipo Pardee ikatajwa. Chuo kidogo cha jangwani Nevada, mechi kumi na mbili, hawajapoteza hata moja. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, na jina kubwa la Kusini, lililokwisha kupigwa mara tatu, lilikuwa linainyemelea.

"Nani amewatazama hawa?" aliuliza mwenyekiti, Mama Corliss.

Hakuna aliyeinua mkono. Mechi za Pardee zilianza saa tatu usiku kwa saa za Alabama, na kufikia saa mbili na nusu Lamar huwa ameshameza kidonge cha presha na anakoroma. Lakini wenzake walimgeukia, maana majigambo yake ya redioni yalikuwa yamewafikia na wao.

"Mimi," akasema. "Wazuri, ila hawajui kumwangusha mtu. Wakikutana na wakubwa, watapitwa kama mlango wa sokoni."

Kura zikapigwa. Pardee ikawa ya kumi na tatu. Zinaingia kumi na mbili.

Mwezi Machi chuo kikaifuta timu. Mkuu wake alisema wafadhili walikuwa wanangojea mchujo, na sasa wameondoka. Lamar aliisoma habari hiyo akiwa mbele ya mayai yake ya kukaanga, na mayai yakapoa.

Akazitafuta zile mechi mtandaoni. Alizitazama mchana, mapazia yamefungwa, zote kumi na mbili, kisha akaanza upya. Walikuwa wanaangusha watu vizuri ajabu. Kijana mmoja mfupi, namba arobaini na moja, alimkosa mtu mara moja tu msimu mzima, na hiyo mara moja aliteleza. Kila akishamwangusha mtu, alisimama na kutazama kamera kama anayengoja jibu. Lamar alikuwa anaisimamisha picha hapo, wanatazamana. Haukupita muda akaanza kusikia filimbi ya refa jikoni.

"Birika hilo, Lamar," mkewe Nadine alimwambia.

"Jiko limezimwa, Nadine."

Nadine akaligusa. Lilikuwa baridi. "Basi nenda huko kwao, mume wangu, kabla hujaanza kuwafungulia mlango hao vijana."

Akaenda. Geti la uwanja lilikuwa wazi, vumbi likipita kati ya nguzo za goli bila wa kulizuia. Jukwaani, mwanamke mwenye glavu za kazi alikuwa anang'oa mabenchi. Bernadette Etcheverry, aliyewafulia wachezaji jezi kwa miaka ishirini.

"Umechelewa, babu," alimwambia. "Hapa hakuna mechi tena."

Lamar akavua kofia. "Mama, mimi nilikuwa kwenye ile kamati. Niliwaambia wenzangu kwamba vijana wako hawajui kumwangusha mtu."

"Ulituona mechi gani?"

Angeweza kudanganya tena. Mechi zote alikuwa nazo kichwani, hadi dakika.

"Hata moja. Nilikuwa nimelala."

Bernadette akaacha skrubu, akasimama wima. Lamar alitamani atukanwe.

"Ulikuwa umelala," mama akasema polepole. "Na sisi huku tulidhani mnatuchukia."

Akainama, akaendelea kulegeza skrubu. "Haya, mabenchi tunauza. Chagua lako uondoke."

Lamar akaonyesha la katikati, mahali ambapo uwanja wote unaonekana. Benchi moja lilikuwa dola arobaini; akalipa.